Picha ya Mia Mbili Kumi na Tano

Yule mwanamke alipoulizwa mtoto wake ana umri gani, alijibu, "Miaka sita," kisha akatazama pembeni.

Aliyeuliza alikuwa Bibi, mama mkwe wa Mama Bonge, maana Bibi hajawahi kumwacha mtoto wa mtu apite bila kumdadisi. Alikuwa kwenye sinki huko nyuma ya studio, mikono imejaa povu, anaosha chupa za mjukuu wake. Akamtazama yule mtoto aliyebebwa mgongoni: mashavu ya kubonyeka, mkono wenye vikunjo, sweta la bluu lililopauka na kutiwa kiraka kiwikoni. Mtoto ambaye hata kutembea bado.

"Anataka kusema miezi kumi na sita," alimnong'oneza mkwewe. "Muache. Macho tu yanaonyesha hajalala huyo."

Mama Bonge akacheka kidogo, lakini sweta lile lilimsumbua. Mtoto mdogo vile anavaaje nguo mpaka inapauka na kuchanika kiwiko? Watoto nguo huwakimbia. Bonge wake mwenyewe, miezi saba tu, alikuwa ameshaaga mashati matatu.

Mwanamke hakukaa. Alileta kamera kwenye mfuko mweusi. Ilikuwa ya kaka yake, mpigapicha pia, ambaye hayupo tena duniani, na yeye hataki kuiona kwake. Baba Bonge, ambaye mtaa mzima unamwita Flashi, aliigeuza geuza, akachungulia lenzi, wakaelewana bei upesi. Mwanamke akaandika namba yake ya simu kwenye karatasi, iwapo kutakuwa na tatizo, akatoka. Yule mtoto aligeuza shingo akawatazama mpaka mlangoni. Hakulia, hakucheka, hakufanya lolote.

Studio yenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba yao. Zamani kilikuwa saluni, ndiyo maana kina sinki. Kitambaa cheupe ukutani, taa mbili kubwa juu ya stendi, kompyuta moja, printa moja yenye kikohozi cha kudumu. Flashi anapiga picha. Kadi, mafaili na kompyuta ni kazi ya mkewe, kwa sababu yeye alimaliza kidato cha nne na Flashi, kwa maneno yake mwenyewe, alimaliza uvumilivu.

Ndani ya kamera Mama Bonge alikuta kadi ya kuhifadhia picha. Akaichomeka kwenye kisomeo, kile kifaa cha kuunganisha kadi na kompyuta, ikasoma vizuri: picha mia mbili kumi na nne, na nafasi kibao imebaki. Akajaribu kuweka faili jipya. Kadi ikakataa.

Sawa, kadi kukataa si ajabu, zinakataa kila wiki. Akaitoa, akaifuta vile vijimeno vya shaba kwa kifutio, akarudisha. Ikakataa. Akabadilisha kisomeo. Ikakataa. Akazima kompyuta, akawasha. Akajaribu kufuta picha moja tu, haikufutika. Akasema basi, nitaifomati nifute kila kitu, na kompyuta ikamwandikia kwamba kadi hii imefungwa isiandikwe.

"Imefungwa," alimwambia mumewe.

"Si uifungue? Kile kidude cha pembeni."

Kadi hizi zina kidude ubavuni, kidogo kama punje ya mchele. Ukikishusha, kadi inafunga na haipokei kitu. Ukikipandisha, inafungua. Mama Bonge akaigeuza kadi kutafuta kidude, na hakikuwapo. Pale kilipotakiwa kuwa palikuwa na pengo, na pengo lenyewe lina kingo mbaya mbaya, zenye alama za kung'olewa. Kidude hakikuanguka chenyewe. Akasogeza kadi karibu na dirisha. Zilikuwa alama za meno.

"Huyu marehemu alikuwa na njaa au?" Flashi alisema, wakacheka.

Kabla ya kuendelea, Mama Bonge akapitia zile picha, maana ukinunua kitu cha marehemu ni adabu kuangalia kama kuna cha kuirudishia familia. Harusi za watu, mahafali, watoto na keki. Ya mwisho, namba mia mbili kumi na nne, ilikuwa imekatika. Juu picha, chini rangi ya kijivu tupu, faili lililoishia njiani. Ilionyesha mtoto mdogo. Kichwa chake kinaonekana, mabega yanaonekana, kuanzia kifuani ni kijivu. Sweta la bluu, jipya, linang'aa. Nyuma yake mwanamke amekaa kwenye kiti, kichwa amekilaza begani kwa namna ambayo, ukiangalia haraka, ungesema amesinzia.

Alikuwa mtoto yuleyule. Uso uleule, mashavu yaleyale. Tarehe chini ya picha ilikuwa ya miaka mitano iliyopita.

Mama Bonge alikaa akaitazama kidogo. Halafu akasema kile ambacho kila mtu wa studio angesema: saa ya kamera hiyo haikurekebishwa. Kamera nyingi zina tarehe za uongo. Akafunga picha.

Na dawa ya kidude kilichovunjika anaijua. Selotepu. Unakata kipande chembamba, unaziba lile pengo la ubavuni, kisomeo kinadanganyika kinadhani kidude kipo na kimepandishwa, kadi inafunguka. Yeye ndiye aliyewafundisha mafundi watatu wa mtaa ule. Akakata kwa meno, akabandika, akalainisha kwa ukucha.

Pale ukucha ulipopita, kadi ilikuwa ya moto. Na chumba kikaleta harufu ya nywele zilizoungua.

"Mama, kuna kitu kinaungua huko?"

"Mimi naosha chupa kwa maji," Bibi akajibu. "Maji ya nyumba hii hayajaanza kuungua."

Sasa, nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Bonge alipokuwa na wiki moja, kadi moja sugu ilikataa kila kitu siku nzima, mama yake akampiga Bonge picha kwa hasira tu, kadi ikapokea. Tangu hapo kadi yoyote inayofunguliwa pale, ya mteja au yao, picha ya kwanza ya kujaribia ni Bonge. Flashi anamwita fundi mkuu.

Kwa hiyo Mama Bonge akatia kadi kwenye kamera, akamkalisha Bonge juu ya kaunta, akarudi hatua mbili. "Fundi mkuu, nipe meno!" Bonge akatoa yote mawili, ya chini. Akabonyeza. Nyuma ya Bonge, Bibi alikuwa anacheka na chupa mkononi, na Flashi ameinama anakaza stendi ya taa. Wote wameingia. Kamera ikatafakari muda mrefu kidogo kuliko kawaida, ikaandika: 215.

"Imepokea!" Mama Bonge alipiga kofi. Yeye peke yake ndiye asiyekuwamo kwenye picha.

*

Kesho yake saa tano asubuhi, jua limejaa dirishani, akaichomeka kadi kwenye kompyuta ili aifute yote ianze upya. Haikufutika. Badala yake picha ikajifungua yenyewe na kujaza kioo kizima, ile ya jana. Bonge mbele anacheka. Lakini kule nyuma, kwenye sinki, Bibi hakuwa anacheka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda nyuma ya mgongo mpaka kiganja kinagusa shingo, na uso wake ulikuwa umelazwa juu ya bomba, na bomba lilikuwa jekundu.

"Baba Bonge. Umeichezea hii picha?"

"Nichezee saa ngapi, na mimi hiyo kompyuta naiogopa?"

"Njoo uone."

Flashi alikuwa bado hajafika kwenye kaunta waliposikia chupa ikianguka.

Bibi alikuwa kwenye sinki, kama kawaida yake. Mkono wake wa kulia ulikuwa unanyanyuka nyuma yake polepole, na yeye anautazama begani kwa mshangao, kama mtu anayeona mkono wa mwingine. "Nani ananishika?" alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Flashi, acha utani." Flashi alikuwa hatua sita kutoka kwake. Mkono ukapanda, ukapanda, Bibi akaanza kulia "mwanangu, mwanangu," ukapita pale mkono unapoishia, ukatoa mlio kama wa muwa unaovunjwa gotini, na kabla hajapiga ukelele kichwa chake kikashikwa na kitu ambacho hakuna aliyekiona, nywele zake za mvi zikikusanyika zenyewe kana kwamba zimekamatwa ngumini, kikapigwa kwenye bomba. Kikanyanyuliwa. Kikapigwa tena. Mara ya tatu meno ya bandia yakaruka yakazunguka sakafuni mpaka chini ya kaunta, na harufu ya nywele kuungua ikajaa mpaka machozi yakawatoka.

Flashi alimrukia mama yake akamkumbatia kiunoni, wakaanguka wote wawili. Bibi alikuwa anapumua. Damu ilikuwa inamtoka puani kwa mapovu.

"Chukua mtoto, toka nje," Flashi alisema kwa kunong'ona, sijui kwa nini alinong'ona, lakini wote walikuwa wananong'ona sasa, kama watu walioingia chumba chenye mtu aliyelala.

Mama Bonge alimnyakua Bonge kwenye kikapu chake, akauvuta mlango. Mlango wa kioo, ule ambao hata upepo unaufungua, haukusogea. Aliuona mtaa huko nje, muuza machungwa anamenya, mtoto wa shule anafunga kamba ya kiatu, akapiga kioo kwa ngumi, akapiga kwa kiatu, akaita. Muuza machungwa hakuinua hata macho.

Akageuka, na akaiona kompyuta. Picha ilikuwa imebadilika tena. Bibi kule nyuma alikuwa chini, kama alivyo. Sasa ni Flashi: bado ameinama karibu na taa, lakini amegeuza uso kwenye kamera, na uso umejaa vipande vya kioo, na mahali pa jicho la kushoto pana kipande kimoja kirefu.

"Toka kwenye taa!" alipiga kelele. "Baba Bonge, toka kwenye taa!"

Flashi alikuwa ameinuka kutafuta kitambaa cha kumfunga mama yake, na kitambaa kilichokuwa karibu ni kile cheupe cha ukutani, na kitambaa kiko nyuma ya taa. Alisikia, akageuka kumtazama mkewe, na kugeuka huko ndiko kulikompeleka uso wake pale pale ulipotakiwa. Taa haikuwa imewashwa. Waya wake ulikuwa umezungushwa juu ya stendi. Ikawaka hivyo hivyo, nyeupe, ikapasuka, na stendi nzima ya chuma ikainuka kutoka sakafuni ikampiga kifuani, ikampiga mbavuni alipokwisha anguka, ikanyanyuka ikampiga tena, taratibu, bila haraka, kama mtu anayetwanga.

Mama Bonge alikuwa amemfunika Bonge uso. Kwenye kaunta, chini ya chupa ya gundi, ilikuwapo ile karatasi ya namba ya simu. Mikono yake ilikosea namba mara mbili. Ya tatu ikaita, na aliyepokea alikuwa tayari analia.

"Dada, ni mimi wa studio, ile kamera ilikuwa na kadi, kaka yako aliifanya nini ile kadi?"

"Mtoto wetu," yule mwanamke alisema. "Mtoto wa kaka yangu. Miaka mitano hajaota hata ukucha, dada yangu, miaka mitano. Jana jioni kaota jino. Kasema 'maji'. Nimepiga vigelegele, majirani wamekuja tumelia wote. Asubuhi hii nimemkuta kitandani shingo imezungushwa kama ya kuku."

Mama Bonge akageukia kompyuta. Kwa mkono mmoja akasogeza picha nyuma, namba mia mbili kumi na nne. Ile kijivu haikuwapo tena. Picha ilikuwa imekamilika mpaka chini, sweta la bluu, zulia, miguu midogo, na shingo imezungushwa.

"Kaka yako," alinong'ona. "Aliifanya nini?"

"Aling'ata. Nilimkuta chini, meno ya mbele hana, kijipande cheusi kiko juu ya ulimi. Mkewe ameshakufa kwenye kiti. Aliniambia, 'Nimelifungia humo, lakini limebaki na nusu ya mtoto.' Akakata roho. Sikujua ni kadi, wallahi sikujua, nilidhani amechanganyikiwa, nilijua nikiiondoa kamera tu..."

Simu ikazimika.

Kompyuta ikarudi yenyewe kwenye picha ya mia mbili kumi na tano, na sasa picha yote ilikuwa kijivu.

Halafu ikaanza kujichora kutoka juu, mstari baada ya mstari, kwa sauti, maana ilikuwa na sauti, kutoka ndani ya kisomeo, sauti ya kitu kidogo kinachotafuna. Ukajitokeza ukuta. Ukajitokeza utosi wa Bonge wenye kishungi chake. Mama Bonge akauvuta waya wa kompyuta ukutani, kioo hakikuzimika, akang'oa waya wa kisomeo, kisomeo kikaendelea kuwaka taa yake ndogo ya kijani, kikibonyea na kupumua juu ya kaunta, na picha ikaendelea kushuka, paji la uso, nyusi, na mikononi mwake Bonge, ambaye mpaka hapo alikuwa analia kama watoto wote wanavyolia, akanyamaza, akawa mzito, akawa mzito kiasi cha kumpeleka mama yake magotini, na macho yake yakaganda kwenye kitu nyuma ya mama yake, juu, karibu na dari, na mama hakugeuka, alijua kwamba akigeuka atabaki anatazama. Akanyoosha mkono akakamata kadi ili aichomoe, na kitu kikaushika mkono huo, baridi na kikavu, kikavunja kidole cha shahada, kikaenda kwenye cha kati bila pupa, kikavunja, kikaenda kwenye kinachofuata, na huku picha imefika puani, imefika mdomoni, mdomo uliofumbuka na meno mawili, na pembeni mwa kioo, chini ya masikio ya mwanawe, vinaanza kuonekana vidole virefu vyenye vifundo vingi kuliko vya mtu, ncha tu, vinapanda kukutana, hapo ndipo akaacha kutumia mikono. Aliinamisha kichwa akakiuma kisomeo, akaiuma kadi iliyokuwa inachungulia kisomeoni, ya moto kama kijiko kilichosahaulika jikoni, ulimi ukababuka akasikia ngozi yake mwenyewe ikinata, akaitafuta selotepu kwa meno, akaipata, haikubanduka, ilikuwa imeyeyuka ikawa kitu kimoja na kadi, na kitu kikamshika nywele nyuma, kikavuta, naye hakuachia, kikavuta kwa nguvu zaidi, naye akasema moyoni ng'oa, ng'oa tu, tutang'oka wote, na nguvu ileile iliyokuwa inamvuta yeye ndiyo iliyoibandua, meno yake ya mbele yakabaki yamenasa kwenye selotepu, selotepu ikatoka.

Ile taa ndogo ya kijani ikazimika.

Stendi ikaanguka. Mlango ukafunguka kwa upepo, na sauti ya mtaa ikaingia yote kwa mkupuo, honi na redio na muuza machungwa akiita wateja. Mikononi mwake Bonge akavuta pumzi, akalia.

Kwenye kioo, picha ilikuwa imesimama. Kichwa cha Bonge mpaka kidevuni. Chini ya kidevu, kijivu.

*

Flashi alipoteza jicho la kushoto na mbavu nne zikaungwa. Mkono wa Bibi uliunga vibaya, ukabaki umepinda kama mpini wa kikombe. Mama Bonge hakuweka meno ya bandia, fizi zilikuwa zimeungua hazishiki kitu, na mtaani wakajizoesha kumwona anaziba mdomo anapocheka, halafu wakajizoesha kutomwona anacheka.

Mtabibu wa majini aliitwa. Alifika mpaka kizingitini, akanusa, akavaa viatu alivyokuwa ameshavua. "Limefungiwa," alisema. "Aliyelifungia kafanya kazi kuliko mimi. Mniwie radhi, mlango uliofungwa siugusi." Akaondoka na haraka zake. Flashi, kwa hasira, akaichukua kadi akaibana kwenye koleo aivunje. Alipobana tu, Bonge kule chumbani akapiga ukelele, na wakakuta mbavuni mwake alama mbili nyekundu, za midomo ya koleo. Koleo likaachiliwa. Kadi ikawekwa ndani ya kopo, kopo ndani ya sanduku la taa, sanduku juu ya kabati.

Na Bonge alikuwa mzima. Anakula, anacheka, anakwenda haja. Kliniki wakampima: kilo nane na gramu mia tatu. Mwezi uliofuata, kilo nane na gramu mia tatu. Mwezi wa tatu nesi akaigonga mizani kwa kiganja.

"Mama Bonge, mizani yetu imeshampenda mwanao, haitaki kumbadilishia namba."

Mwezi wa tano hakufanya tena utani. Mwezi wa nane aliandika barua ya kwenda hospitali kubwa. Kucha za Bonge hazikukatwa hata mara moja, hazikurefuka. Meno mawili, ya chini. Shati lake la manjano likaanza kupauka.

Usiku mmoja, wakati wa chakula, mume na mama mkwe wakamkalisha Mama Bonge chini. Walijua aliongea na yule mwanamke. Walitaka kujua alisema nini juu ya yule mtoto wa sweta la bluu.

"Alikuwa hakui," Mama Bonge alisema, kiganja mdomoni. "Miaka mitano. Nilipoifungua kadi akaanza kukua. Akaota jino. Akasema 'maji'."

"Halafu?" Flashi aliuliza.

Ile nusu ya pili, ile ya shingo, alikuwa hajaisahau. Alitaka kuisema. Lakini Bonge alikuwa amelala mapajani mwake, shingo yake iko wazi, na yeye tangu siku ile alikuwa anaamini kwamba neno likishatamkwa mbele ya mtoto linakuwa limeshaelekezwa njia. Alisema, "Halafu simu ikakatika." Akainuka kwenda kumlaza.

Bibi alibaki anaupapasa ule mkono wake uliopinda. "Mtoto asiyekua," alimwambia mwanawe baadaye, "mnamwita mzima? Mnamtunza kama picha ukutani?"

Mwezi wa kumi na moja Mama Bonge alirudi hospitali kubwa mwenyewe, kuchukua majibu, akamwacha Bonge na bibi yake. Majibu yalisema mtoto hana tatizo lolote. Alipokaribia nyumbani, saa nne asubuhi, alisikia vigelegele. Vilikuwa vinatoka kwao. Majirani wawili walikuwa mlangoni wanacheka, muuza machungwa naye amesimama na kisu chake, na katikati ya studio alikuwa Bibi, amembeba Bonge kwa mkono mzima, anaruka ruka kama msichana.

"Mkwe wangu! Njoo, njoo uone! Mwanao kaota jino! La juu! Na kaniita 'bibi', uliza hawa, waulize!"

Bonge alimwona mama yake akacheka, na jino lilikuwapo kweli, jeupe, dogo kama punje ya mchele.

Mama Bonge akatazama juu ya kabati. Sanduku la taa lilikuwa wazi. Kwenye kaunta palikuwa na rola ya selotepu, imekatwa kwa mkasi, vizuri, kwa uangalifu wa mtu mwenye mkono mmoja aliyejifunza kwa kumtazama mkwewe miaka miwili. Kisomeo kilikuwa kinawaka taa yake ndogo ya kijani. Na kompyuta, ambayo waya wake ulikuwa umezungushwa juu ya kaunta haujagusa ukuta, ilikuwa inaonyesha kidevu cha mwanawe, na chini ya kidevu, mstari mmoja mpya.

Harufu ilikuwa bado hafifu. Majirani hawakuisikia. Nyuma yake mlango wa kioo ukajifunga, taratibu, na vigelegele vya huko nje vikakatika.

Alikimbilia kaunta, akakinyakua kisomeo, akakipeleka kinywani. Ufizi mtupu ukateleza juu ya kadi ya moto, ukateleza tena, na ndani ya kisomeo kitu kidogo kikaanza kutafuna.